Shangazi kaondolewa kwenye orodha ya kaya maskini kwa sababu ya bati. Tuanzie wapi?

Mnyiramba wa Mbagala

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa waliowahi kufanya kazi na mpango wa kunusuru kaya maskini, au wenye wazee vijijini waliokutwa na kama haya.

Nina shangazi, dada mkubwa wa baba, anaishi kijijini kwetu Iramba, mkoa wa Singida. Mama alipofariki ni yeye aliyenichukua na kunilea mpaka nikamaliza shule na kuja Dar kushona. Watoto wake mwenyewe wote wametangulia mbele za haki. Kabaki na wajukuu wawili, wa kike yuko darasa la sita, wa kiume la pili. Ng'ombe hana. Shamba analo, ekari moja na nusu, ila siku hizi analima kipande tu cha mtama na alizeti kidogo maana goti la kulia limegoma.

Alikuwa mlengwa tangu mpango ulipofika kijijini. Ruzuku ilikuwa inakuja kila baada ya miezi miwili. Si pesa ya kumtajirisha mtu, lakini sare za watoto zilitoka humo, na sabuni, na nauli ya bodaboda ya kwenda kituo cha afya mguu unapovimba.

Halafu wakapita watu kufanya tathmini ya kaya upya, na jina lake halikurudi. Hakupewa barua wala hakuitwa. Siku ya malipo alikwenda kama kawaida, akakaa chini ya mwarobaini na wenzake, majina yakasomwa mpaka la mwisho, watu wakatawanyika. Akarudi nyumbani akidhani karatasi moja imesahaulika. Malipo yaliyofuata akaenda tena.

Sababu nimeipata kwa kuokoteza maneno kwa huyu na yule: nyumba yake ina bati.

Naomba niwaeleze hilo bati. Nyumba ilikuwa tembe, na tembe ikizeeka inavuja udongo, mvua ikinyesha mnaamka na matope usoni. Shule ya msingi ilipobadilishiwa paa, mabati ya zamani yakauzwa kwa bei ya kutupa. Mimi na binamu zangu tukachanga, tukayanunua. Yana matundu ya misumari ya kule yalikotoka. Shangazi kakata kandambili vipande vipande kama sarafu, fundi kavipigilia juu ya kila tundu. Mvua ya upepo ikija bado anahamisha godoro. Ukuta ni wa udongo ule ule, chini ni vumbi, choo kimezungushiwa mabua. Lakini mtu aliyekuja na kishikwambi aliuliza paa ni la nini, akajibiwa bati, akabonyeza, akaendelea na swali lingine.

Sasa naulizia mambo mawili. Inawezekana akarudishwa, na kama inawezekana tunaanzia kwa nani bila kumgombanisha na majirani? Mwenyekiti wa kitongoji ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na shangazi mwenyewe ananiambia, "Mwanangu usiniletee maneno, mimi ndiye nitakayebaki nao hapa." La pili, kuna haki nyingine yoyote ya mzee ambayo haitegemei hii orodha?


Kazi ni Utu

Pole sana dada. Nitasema ninachokiamini, naomba usinielewe vibaya. Hizi ruzuku zinazoesha watu kukaa. Kijijini kwetu siku ya malipo vilabu vya pombe vinajaa, nimeona kwa macho yangu. Mzee asaidiwe na watoto aliowalea, na serikali ijenge barabara na visima ambavyo kila mtu atavitumia. Hiyo ndiyo hifadhi ya jamii tuliyoikuta kwa mababu zetu na ilifanya kazi.


Mnyiramba wa Mbagala

Kaka nimekuelewa na sijakasirika. Lakini sisi watoto aliotulea ndio tuliochanga hilo bati, na bati ndilo lililomtoa. Nikimtumia hela ya kutosha kumtengenezea choo, nadhani mwaka mwingine choo nacho kitaulizwa. Mimi nashona kwa oda, mwezi mwingine kuna sare za harusi, mwezi mwingine nashinda naangalia cherehani. Ninachoweza kumtumia hakina tarehe. Ile ruzuku ilikuwa na tarehe, na mzee anayenunua unga wa kukopa dukani anahitaji kitu chenye tarehe ili mwenye duka amkubalie.


Mzabibu Dodoma

Binti, pole. Mimi nilikuwa mwezeshaji, mmoja wa wale watumishi wa halmashauri waliokuwa wanatumwa vijijini kuendesha mikutano ya kutambua kaya. Sasa nimestaafu, nipo na zabibu zangu. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Nianze na Kazi ni Utu, kwa heshima zote. Barabara na visima unavyovitaka ndivyo TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaoendesha mpango huu, ilivyoanza navyo mwaka 2000: madarasa, zahanati, malambo. Vikajengwa, na ikaonekana kuna watu wanaoishi hatua chache kutoka kwenye zahanati mpya na hawaingii kwa sababu hawana kitu. Ndipo ikafanyika kazi ya majaribio Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia 2010: vijiji vingine vikapata ruzuku, vingine vikasubiri, ili watafiti walinganishe. Kaya zilizopata zilijiunga zaidi na CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, zilinunua mifugo midogo kama kuku, na watoto wao walikuwa na viatu kuliko wenzao. Baada ya hapo mpango mkubwa ukaanza, 2012, ukafikia kaya zaidi ya milioni moja. Na pesa yenyewe ilikuwa kiasi gani? Kipindi hicho ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, na hata kaya yenye watoto wengi wa shule na kliniki haikuvuka 38,000. Hiyo hailazi mtu kitandani. Mlevi akionekana kilabuni siku ya malipo anaonekana kwa sababu anapiga kelele. Bibi aliyekwenda kulipa deni la unga haonekani.

Sasa niseme watu wanaangukia wapi, maana nimeyaona yote.

Mahali pa kwanza ni ramani. Miaka yote ya kipindi cha kwanza mpango ulikuwa katika asilimia kama 70 tu ya vijiji, mitaa na shehia. Ukizaliwa upande wa pili wa mto, kijiji ambacho hakikuchaguliwa, unaweza kuwa maskini kuliko wote tarafani na hakuna atakayekuuliza. Vijiji vilivyobaki vilikuja kuingizwa kipindi cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020.

Pa pili ni mkutano. Utaratibu ni mzuri ukiusoma: wanakijiji wenyewe wanakaa, wanakubaliana maskini kwao ni nani, wanataja majina. Mimi nimesimama mbele ya mikutano hiyo mingi. Mtu anayehitaji zaidi hayupo pale. Yuko kitandani, au yuko porini anachunga ng'ombe za watu, au ni mjane aliyerudi kwa kaka yake na kaka anaona aibu jina la dada yake kutajwa. Wapo pia wanaonyamaziwa. Kuna kijiji tulifika kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Jina lake lilipotajwa uwanja mzima ukatulia, hakuna mkono ulioinuka. Mnajua alikuwa anadhaniwa nini. Mtendaji akataka tuendelee na jina linalofuata. Nilikataa kuendelea, nikawaomba wakae, tukalizungumza mpaka jua likaegemea, na akaandikwa. Lakini mwezeshaji mwingine mwenye vijiji vitatu vya kumaliza wiki hiyo asingeweza kukaa mpaka jua liegemee, na sitamlaumu.

Pa tatu ndipo alipoangukia shangazi yako. Baada ya mkutano linakuja dodoso. Paa, ukuta, sakafu, choo, chanzo cha mwanga, watu wangapi wanakula chungu kimoja, mkuu wa kaya kasoma mpaka wapi, kuna redio, kuna baiskeli. Kila jibu lina uzito wake, na hesabu haifanywi kijijini. Mwezeshaji mwenyewe haoni alama. Anajaza, anatuma, majina yanarudi yakiwa yamechujwa. Dodoso linajua bati. Halijui kama ni bati la msauzi la juzi au ni bati la darasani lenye viraka vya kandambili. Linajua ekari moja na nusu, halijui goti. Wenye kulitengeneza hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuzuia upendeleo wa viongozi, na upendeleo ulikuwepo kweli: uhakiki ulipofanyika ziliondolewa kaya makumi ya maelfu, wengine wamekufa, wengine wamehama, wengine ni viongozi wenyewe waliojiandika. Lakini huwezi kumpima mtu umaskini wake kwa vitu vya nyumbani ukampata sawasawa, kwa sababu kijijini wote tunafanana. Kati ya kaya ya mwisho iliyoingia na ya kwanza iliyoachwa, mara nyingi tofauti ni kibatari na taa ya sola iliyoletwa na mjukuu.

Na pa nne, orodha ikishafungwa imefungwa. Umaskini hausubiri. Mwanamke aliyekuwa na mume na ng'ombe wanne siku ya mkutano, mwaka unaofuata ni mjane asiye na ng'ombe, na orodha inayotumika ni ile ile. Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Tulikuwa tunaandika hali ya siku moja, kisha tunaishi nayo miaka.

Haya, la kufanya.

Usianze kwa mwenyekiti wa kitongoji, shangazi yako yuko sahihi kabisa. Andika barua ya malalamiko kwa jina la shangazi, yeye aweke dole gumba, iende kwa mtendaji wa kijiji na nakala kwa mratibu wa mpango pale halmashauri. Nakala ya halmashauri ipelekwe kwa mkono na igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala moja mbaki nayo. Katika barua msitaje nani kaingizwa asiyestahili, hata kama mnajua. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na haumsaidii. Elezeni yeye tu: umri, goti, wajukuu wawili na madarasa yao, bati lilitoka wapi na nani aliligharamia. Ambatanisheni maneno ya mwalimu mkuu kwamba watoto wanasoma pale na mlezi ni yeye, na karatasi ya kituo cha afya. Pigeni picha ya paa kwa ndani, mchana, matundu yale yanaingiza mwanga, yataonekana vizuri kuliko maneno.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Mtafute mtu wa kuaminika, mwalimu au mzee wa kanisa, aulize pale hadharani, bila kutaja jina: walioondolewa kwenye tathmini wanapata wapi majibu? Swali likiingia kwenye muhtasari linakuwa na nguvu. Niseme ukweli, kurudishwa kunaweza kuchukua muda, mara nyingi mpaka tathmini nyingine. Lakini malalamiko yaliyoandikwa yanakuwepo kwenye faili siku hiyo ikifika. Ya mdomo yanaondoka na mtendaji anapohamishwa.

La pili uliloulizia: nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza wana msamaha wa matibabu. Aombewe kitambulisho cha msamaha. Dirisha la wazee lipo hospitalini, ingawa mara nyingi mtaandikiwa dawa mkanunue nje, hilo mjiandae nalo. Hii haitegemei orodha ya ruzuku.


Mwanakombo wa Wete

Assalaam alaykum. Mzabibu umesema kweli tupu, nami niongeze la kwetu Pemba, kwa sababu tumepita njia nyengine na inafaa watu waijue.

Kwetu kuna Pensheni Jamii. Ilianza Aprili 2016. Ukitimiza miaka 70, na ni mkaazi, unaandikwa. Haulizwi mtu paa lake, haulizwi ana wana wangapi wala kama wako Muscat. Ilianza kwa 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa mpaka 50,000. Inatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dema maisha yake yote. Mvuvi hana mwajiri, basi ZSSF, mfuko wa pensheni wa waajiriwa wa Zanzibar, hana habari nayo. Siku alipoanza kupokea alikuwa hawezi tena kwenda baharini. Nilichokiona kwake si chakula tu. Alianza kutoa mchango wa maulidi tena. Alianza kumtuma mjukuu dukani kwa pesa yake, na mjukuu akapewa chenji anunue ubuyu. Mtu mzima aliyekuwa akiomba hata ya ndara, akawa anatoa. Na jirani yetu aliyekuwa mtumishi wa serikali mwenye kiinua mgongo chake naye anapokea hiyo hiyo, wanakwenda pamoja, hapana wa kumuonea mwenziwe haya.

Wapo wanaosema kwa nini tajiri apewe. Mimi najibu: kwa sababu siku utakayoanza kumtafuta tajiri umtoe, ndiyo siku utakayomtoa baba'angu kwa makosa.

Kasoro zipo. Miaka 70 ni mbali kwa mchukuzi au mkulima wa mwani. Wanawake wa mwani wanakaa majini kiunoni toka wasichana, wakifika hamsini na tano mgongo umekwisha. Na wale wazee wasio na cheti cha kuzaliwa, umri wao unategemea karatasi aliyoiandika mtu mwengine zamani. Bibi mmoja wa shehia yetu anakumbuka vizuri utoto wake wakati wa vita vya Wazungu, hesabu mwenyewe, lakini kitambulisho kilimfanya mdogo kuliko mdogo wake. Sheha, kiongozi wa shehia, alisimama naye ndio mambo yakakaa sawa. Kama sheha asingekuwa mtu wa kusimama, angalikufa akingojea.


Binti Mvuvi, Kilifi

Mwanakombo umenigusa, maana na mimi asili yangu ni huko huko Pemba, ila sisi wazee wetu walivuka kuja pwani ya Kenya na majahazi zamani kabla ya uhuru, wakaweka kambi Kilifi, Watamu na Kwale. Nimezaliwa huku, mama yangu kazaliwa huku. Ila mpaka Julai 2023, serikali ya Kenya ilipotutambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya, wengi wetu hatukuwa na kipande, yaani kitambulisho cha taifa.

Ninalotaka kusema ni kwamba nyinyi mnazungumza juu ya orodha. Kuna watu ambao hata mlango wa kufikia orodha hawakuuona. Kenya ina Inua Jamii: mzee wa miaka 70 hupata shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, bila kuulizwa utajiri wake, karibu na vile alivyoeleza Mwanakombo. Usajili mkubwa wa wazee ulifanywa 2017. Sharti la kwanza ni kipande. Mama hakuwa nacho. Bila kipande huna akaunti benki, huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huna leseni ya uvuvi. Baba alivua miaka yote kwa leseni za wenziwe, samaki wake wakapimwa kwa majina ya watu. Hivyo hata pale alipokuwa akichangia pato la Kenya, daftari liliandika mtu mwingine.

Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai vipande, wakapata. Washona walipata baadaye, sisi tukafuata. Twashukuru. Lakini mzee akipata kipande uzeeni, karani hukadiria mwaka. Mama kaandikwa kazaliwa mwaka 1958, na ndugu yake anayemfuata mgongoni kaandikwa 1955. Kwa kipande chake, bado hajafika 70. Kwa magoti yake amefika kitambo.

Na hata waliozaliwa na vyeti vyao sawa, baada ya usajili wa 2017 kufungwa, wakatimiza 70 mwaka uliofuata au mwaka wa baadaye, walingojea miaka kabla ya mlango kufunguliwa tena. Chifu atakuambia jina lako nimeliandika, ngoja. Hivyo Mzabibu akisema orodha ikifungwa imefungwa, hilo halikwepeki kwa kubadilisha dodoso kuwa umri peke yake. Lazima dirisha likae wazi mwaka mzima, mtu akitimiza leo aingie mwezi ujao. Dada wa Iramba, angalia kitambulisho cha shangazi yako kimeandika mwaka gani kabla hujaenda popote. Usije ukaandika kwenye barua ana miaka 74 na kadi inasema 63.


Kazi ni Utu

Nimesoma zote. Binti Mvuvi, hilo la leseni ya mwenzio sikuwahi kulifikiria. Bado naamini kazi, lakini huyu shangazi wa goti na mvuvi ambaye hawezi tena kwenda baharini si watu wa kuambiwa kazi. Mzabibu, nina swali la kweli: hiyo ya kumpa kila mzee, bara tutaweza? Zanzibar walipoanza walikuwa na wazee wachache tu.


Mzabibu Dodoma

Swali zuri. Gharama ni kubwa zaidi bara, hilo halina ubishi, tuko wengi. Lakini tukumbuke tunavyotumia sasa: kuna mikutano, madodoso, vishikwambi, posho, magari, uhakiki, na kuhakiki uhakiki, yote hayo ili kumtafuta mtu ambaye umri wake ungetosha kumtambulisha. Unaweza kuanza na miaka 75 au 80, ukashuka taratibu. Tanzania wafanyakazi wa sekta rasmi wana mifuko ya pensheni, NSSF na PSSSF, na hakuna anayeona ajabu mtumishi kupokea pensheni akiwa na nyumba ya vigae. Mkulima aliyelima pamba ya kuuza nje miaka 40 naye ametumikia nchi hii. Kodi kalipa kila aliponunua sukari. Sioni kwa nini yeye peke yake ndiye athibitishe kwamba ni maskini kwanza.

Ninalolikataa ni kuwaambia wazee wa leo wasubiri mpaka hilo liamuliwe. Ndiyo maana nimemwandikia binti mambo ya barua na muhuri.


Mnyiramba wa Mbagala

Nawashukuru wote, nimesoma na machozi yananilenga. Nimempigia shangazi jana usiku kwa simu ya mwalimu. Binti Mvuvi umenisaidia sana: namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, anayo, na mwaka ulioandikwa unamfanya awe na 66. Sisi kwenye familia tunajua ni zaidi, yeye ni mkubwa kwa baba kwa watoto wawili katikati. Nitaandika 66 kama ilivyo, na msamaha wa matibabu unaanzia 60 kwa hiyo hapo yuko ndani.

Nikamweleza habari ya barua. Alinyamaza kidogo, akauliza kama itasomwa mbele ya watu. Nikamwambia haina jina la mtu mwingine yeyote, ni yeye na wajukuu tu. Akakubali. Mjukuu wa kike ndiye atakayepiga picha ya paa. Mwalimu kasema yuko tayari kuandika ya shule.

Kitu kimoja bado kinanitatiza. Siku hizi wengine wanalipwa kwa simu. Laini ya shangazi imesajiliwa kwa jina la kijana wa jirani, maana wakati ule wa kusajili kwa alama za vidole mashine ilikataa vidole vyake, vimelika kwa jembe. Akirudishwa, pesa si itaingia kwenye jina la huyo kijana?


Mzabibu Dodoma

Itaingia, au itagoma kwa sababu majina hayafanani. Zote mbili nimeziona. Msingoje arudishwe ndipo mhangaike.

Akienda kituoni kwa ajili ya ile karatasi ya afya, siku hiyo hiyo apitie kwa wakala wa mtandao wa simu na namba yake ya NIDA, ajaribu vidole vyote kumi, si dole gumba tu. Mara nyingi kidole cha mwisho cha mkono asioshikia jembe kinasoma. Apake mafuta ya kupikia kidogo usiku wa kuamkia, ngozi ilainike, na asubuhi anawe vizuri kwa sabuni, vidole vikauke kabla ya kuweka kwenye mashine. Vikikataa vyote, kwenye barua yenu ongezeni sentensi moja: anaomba kulipwa fedha taslimu kijijini kwa sababu alama za vidole hazisomeki. Na huyo kijana wa jirani mshukuruni, msimtaje.

Rasimu ya barua ukiimaliza ibandike hapa, ondoa majina na kijiji. Nitaipitia kabla hujaituma.